Risala ya Kamati ya Wasomaji wa Maktaba ya Wilaya kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kimataifa ya Kusoma na Kuandika, Tarehe 8 Septemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya, Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, Waheshimiwa Madiwani, Ndugu Afisa Elimu, viongozi wa dini, walimu, wazee wetu, wanafunzi na wasomaji wote mliohudhuria, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutukutanisha hapa leo. Pili, tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha majukumu yako mengi na kuitikia mwaliko wetu, tena kwa barua ya kwanza, jambo ambalo kamati hii haijalizoea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mshereheshaji ametupa dakika kumi, kwa hiyo historia tutaipita haraka. Huduma za maktaba za umma nchini ziliwekewa sheria mwaka 1963, Mwalimu Julius Nyerere akaifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, na mwaka 1975 ikatungwa sheria iliyoiunda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania kama tunavyoijua leo. Maktaba yetu hii ni mjukuu wa jitihada hizo. Halmashauri ilitoa jengo, vitabu vya kuanzia vikaletwa, utepe ukakatwa, na tangu siku hiyo tumeendelea kuvisoma vitabu vilevile.

Kuhusu mafanikio, tunajivunia kukujulisha kwamba maktaba imepiga hatua kubwa katika miundombinu, ambapo mlango wa mbele umewekewa kitasa kipya na ukuta unaoelekea barabarani umepakwa rangi kwa michango ya wasomaji wenyewe. Vilevile tumeanzisha kipindi cha hadithi kwa watoto kila Jumamosi asubuhi, ambacho kimepata mwitikio mkubwa kiasi kwamba watoto wengine husikilizia dirishani. Hatukusudii kuyakuza mafanikio haya kupita kiasi, lakini mgeni akija hatumwonyeshi paa linalovuja kabla hajaketi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Tungeweza kukueleza kuhusu paa hilo, kuhusu umeme, na kuhusu choo ambacho wasomaji wanakijua. Leo tumeamua kuyaacha yote hayo ili tuseme jambo moja tu, nalo ni vitabu vipya. Msomaji anaweza kuvumilia kukaa kwenye benchi, na akiwa na kitabu kizuri hata mvua haisikii; lakini huwezi kumwita mtu maktabani mara ya pili ikiwa kila kilichomo alikwisha kukisoma mara ya kwanza.

Tuanze na wadogo. Vitabu vya picha tulivyonavyo kwa watoto wa awali vimeshikwa na mikono mingi hata majalada yametoka, na katika kipindi cha Jumamosi msimulizi hulazimika kuzieleza kwa maneno picha ambazo zilipaswa kuonekana. Kwa wanafunzi wa shule, tatizo limeongezeka tangu Januari 2024, mitaala mipya ilipoanza kutumika. Vitabu vya kiada na ziada vilivyomo humu vilitungwa kwa mitaala iliyotangulia, na mtoto anayekuja kujisomea hapa jioni hurudi darasani asubuhi akiwa amejibu swali ambalo mwalimu wake hakuuliza. Atlasi yetu, ambayo ndiyo kitabu kinachogombaniwa kuliko vyote, bado inaonyesha nchi inayoitwa Zaire, haiijui Sudan Kusini, na haina mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu iliyoanzishwa mwaka 2012, wala Songwe ulioanzishwa mwaka 2016. Mwanafunzi mmoja aliyehamia hapa kutoka Songwe aliutafuta mkoa wake kwa nusu saa, kisha akamuuliza mkutubi kama umefutwa.

Vijana na watu wazima nao wana yao. Hawa huja wakiulizia vitabu vya ufugaji wa kuku, vya magonjwa ya mahindi, vya ufundi wa pikipiki, vya kuanzisha na kuendesha duka. Ni maswali ya watu wanaotaka kuishi vizuri, na ni aibu kuwajibu kwa kuwaonyesha kitabu cha kumbukumbu za mkutano wa vyama vya ushirika. Wapenda fasihi hali yao haina nafuu. Mwaka 2021, mzaliwa wa Zanzibar, Abdulrazak Gurnah, alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, watu walifika hapa kuulizia vitabu vyake, na baadaye tafsiri ya Kiswahili ya riwaya yake mojawapo ikatoka. Maktaba hii haina hata kimoja, kwa lugha yoyote. Tangu mwaka 2023 inatolewa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, tunawasikia washindi wakitajwa redioni, lakini rafu namba 896.392, ambayo wakutubi wanajua kuwa ni ya fasihi ya Kiswahili, haina taarifa hizo.

Kisha wapo wazee wetu, na hapa, Mheshimiwa, tunaomba utuvumilie kidogo. Wengi wao walijifunza kusoma katika kisomo cha watu wazima miaka ya 1970, wakaambiwa na Taifa kwamba elimu haina mwisho, nao wakaamini. Sasa macho yamechoka na wanahitaji vitabu vya maandishi makubwa, ambavyo hatuna. Mzee mmoja aliazima riwaya ambayo kurasa zake za mwisho zimenyofoka, akaisoma yote iliyobaki kwa wiki tatu, kisha akaja kumuuliza mkutubi hadithi iliishaje. Mkutubi naye hakuwahi kuuona mwisho huo. Kwa huruma alimtungia mmoja, na mzee akaondoka ameridhika. Tunamshukuru mkutubi wetu kwa kipaji hicho, ila hakimo katika majukumu yake ya kazi. Na wasomaji wasioona, ambao husoma kwa nukta nundu, wao hata riwaya isiyo na mwisho hawana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Utauliza, kwa haki kabisa, kama hatujawahi kusaidiwa. Tumesaidiwa. Mgeni rasmi mmoja aliyekutangulia, akiwa amesimama hapo ulipo, aliahidi vitabu vya kutosha kujaza rafu sita, na ukumbi ulipiga makofi hata vigelegele vikasikika sokoni. Kamati yetu, kwa imani, ilichangishana na kumlipa fundi seremala, na rafu sita zikatengenezwa kwa mbao ngumu ndani ya mwezi mmoja. Rafu hizo ndizo zilizo nyuma yako, zile zilizofunikwa kwa kitambaa chenye rangi za bendera. Kitambaa hicho si pambo. Wasomaji wameziita rafu za ahadi, na kwa siku za kawaida tunahifadhia humo viti vilivyovunjika.

Mgeni mwingine yeye alileta maboksi kweli, na tulipiga naye picha. Tulipoyafungua tulikuta miongozo ya programu za kompyuta ambazo hazitumiki tena, katalogi za samani za nchi za baridi, na nakala nyingi za kitabu kimoja kinachoeleza namna ya kuondoa theluji mlangoni. Hatumbezi aliyetoa, kwani alitoa alichokuwa nacho. Tunachosema kwa unyenyekevu ni kwamba hakuna aliyetuuliza tunasoma nini. Msemo kuhusu ahadi na deni Mheshimiwa unaufahamu vizuri kuliko sisi, kwa hiyo hatutausema.

Kwa sababu hiyo, ombi letu safari hii ni la namna nyingine. Hatuombi boksi. Tunaomba utusaidie, kwa nafasi yako na kwa ushauri wako kwa Ndugu Mkurugenzi aliye kulia kwako, ili Halmashauri itenge katika mapato yake ya ndani kifungu cha ununuzi wa vitabu vya maktaba, kifungu chenye jina lake, kitakachojirudia kila mwaka wa fedha unapoanza tarehe 1 Julai, hata kama kitaanza kwa kiasi kidogo. Kitabu hakifanani na jengo ambalo ukishalizindua kazi imekwisha. Vitabu huchakaa, hupitwa na wakati, huibwa pia, na vipya huandikwa kila mwaka. Wapo waliotuambia kwamba kila kitabu kinachochapishwa nchini hupelekwa Maktaba Kuu kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo tusubiri. Mheshimiwa, nakala hizo ni za kuhifadhiwa kwa ajili ya Taifa, wala hazipandi basi kuja wilayani.

Tunaomba pia ununuzi huo ufuate orodha ya wasomaji. Orodha hiyo tayari tunayo. Tuliacha daftari juu ya meza ya mkutubi kwa miezi mitatu, kila msomaji akaandika kitabu au somo analolitaka, mtoto kwa mwandiko wake na mzee kwa wake, na wasioona tuliwaandikia. Nakala yake imo katika bahasha utakayokabidhiwa, na nyingine amepewa Ndugu Mkurugenzi, na ya tatu Afisa Elimu, ili isije ikapotea ofisi moja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mbele yako lipo daftari la wageni. Katika kurasa zilizotangulia wageni wetu wote waliandika jina, cheo na neno zuri, na baadhi waliandika ahadi. Ukurasa wako tumeupigia mstari wa safu moja zaidi, ambayo wao hawakuwa nayo, ya tarehe ya utekelezaji. Kalamu ipo juu yake.

Naomba kuwasilisha.