Baba anataka mdogo wangu aache methadoni na vidonge vya sonona, nifanyeje?

Shikamoo Shangazi,

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 27 na anakaa kwangu. Ameacha unga, yaani heroini, na ukoo mzima unamshukuru Mungu. Mimi ninayeishi naye naona bado anaumwa.

Mama yetu alifariki yeye akiwa kidato cha pili. Tangu msiba ule hakupata tena usingizi wa maana. Mpira aliokuwa anaupenda akauacha, shule akawa anatoroka, watu wakasema ni ujana. Unga ulikuja baadaye. Mwenyewe aliniambia kwamba usiku wa kwanza alipovuta kokteli, bangi iliyochanganywa na unga, ndipo alipolala hadi asubuhi. Yaliyofuata unayajua: kete, arosto (maumivu ya kukosa unga), vyombo kupotea ndani, watoto wa mtaani kumwita teja.

Mwaka jana tulimwandikisha kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya unga ili kuzuia arosto. Huduma hii ilianza Muhimbili mwaka 2011, na kwetu imesaidia kweli. Anaamka alfajiri, anapanda daladala, anakunywa dozi yake mbele ya nesi, anarudi. Arosto imekwisha. Huzuni ndiyo haijaondoka. Chakula kinapoa mbele yake. Asubuhi namkuta ameketi kitandani, kiatu kimoja amevaa, kingine amekishika, na nikirudi kutoka dukani bado yuko vilevile.

Juzi nikifua suruali yake nimekuta mfukoni valiamu zilizobaki mbili. Ananunua bila cheti ili alale. Nesi alishatuonya kwamba valiamu au pombe juu ya methadoni inaweza kumkata pumzi akiwa usingizini. Sasa usiku naamka kwenda kusikiliza anavyopumua.

Daktari wa magonjwa ya akili amesema ana sonona. Amempa vidonge, akatueleza kuwa vinachukua wiki kadhaa kuleta nafuu, tuwe na subira, na methadoni asiiache. Baba hataki kusikia. Anasema, "Kaacha dawa za kulevya, nyinyi mnamwanzishia nyingine?" Ameshapata soba hausi, nyumba ya kuishi wanaoacha dawa za kulevya, ambayo sharti lake ni kuingia bila dawa yoyote, hata methadoni.

Sizisemi vibaya soba hausi, nawafahamu watu waliopona huko. Ila mtu aliyeingia kwenye unga kwa kukosa usingizi, ukimnyang'anya vyote kwa mkupuo, usiku atalala na nini? Na akitoroka akarudia kete ya kiwango chake cha zamani, mwili ukiwa umeshapoteza mazoea, tunaweza kumzika. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote.

Baba namwelewa. Aliuza kiwanja kwa ajili ya mwanawe, na amechoka. Lakini anakuja kutoka Morogoro mwisho wa mwezi kumchukua, na mimi mtoto wa kike siwezi kusimama mlangoni nikamzuia mzee wangu.

Naomba unishauri. Nimwombe baba twende wote kwa daktari akasikie mwenyewe, au nimtangulize mjomba, ambaye huwa anamsikiliza? Na hizo valiamu, niwaambie kliniki moja kwa moja, au nianze kuzungumza na mdogo wangu? Ni mimi tu ambaye mdogo wangu humweleza ya moyoni. Akiona nimemsemea na akanifungia mdomo, hatabaki na mtu.

Jina kapuni,
Temeke, Dar es Salaam