Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Kituo cha Urithi wa Dunia, UNESCO: msikitupe kifusi cha udongo

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuandikia kuhusu kitu ambacho mara nyingi, kwenye uchimbaji wa kiakiolojia, hupakiwa kwenye toroli na kumwagwa pembeni: kifusi cha kuta za udongo. Wachimbaji wana haraka ya kufika sakafuni kwenye vyungu, mifupa na makaburi, na ukuta ulioanguka wanauona ni uchafu wa kuondolewa. Mimi ni fundi wa nyumba za udongo, si msomi wa akiolojia, na hapo ndipo roho yangu inapouma.

Tazama Choirokoitia, Kupro, iliyoingia kwenye orodha yenu mwaka 1998. Nyumba zake za duara, za mawe na udongo, ni za milenia ya 7 Kabla ya Kristo. Kwa miaka mingi zilichorwa zikiwa na paa la kuba, maana ukuta ukiwa wa duara akili hukimbilia kuba. Baadaye yakapatikana mabaki ya paa lenyewe, na kumbe lilikuwa bapa, la matawi, matete na udongo. Mabaki hayo yangezolewa kwa sepetu, kuba lingebaki vitabuni hadi leo.

Ushahidi wa namna hii hauishii kwenye paa. Kule Mehrgarh, Pakistani, ambako watu walijenga kwa matofali mabichi tangu karibu mwaka 7000 Kabla ya Kristo, makapi yaliyochanganywa kwenye tope yaliacha alama zake ndani ya tofali. Mtaalamu wa mimea, Lorenzo Costantini, alizichunguza alama hizo kwa maelfu, akakuta shayiri imezidi nafaka nyingine zote. Fundi hutia makapi ili tofali lisipasuke likikauka; bila kukusudia, fundi wa Mehrgarh alituandikia alichovuna.

Halafu kuna Yeriko. Mwanaakiolojia Mwingereza Kathleen Kenyon alipochimba Tell es-Sultan, kilima chenye magofu ya Yeriko ya kale, kati ya mwaka 1952 na 1958, alikuta matofali marefu yaliyofinyangwa kwa mkono, bila kalibu, na juu yake safu za alama za dole gumba zilizopangwa mshazari, kushoto na kulia, mfano wa mifupa ya samaki. Mtu akiziona kwenye kabati la makumbusho atadhani ni mapambo. Mimi naona mtu anayejua kwamba tope la kuungia halishiki vizuri kwenye uso laini, hivyo analitengenezea mahali pa kung'ang'ania. Alibonyeza tofali likiwa bado bichi, kabla ya kulianika. Ujuzi huo hausomeki kwenye ramani ya msingi wa nyumba. Unasomeka kwenye tofali moja moja, na hata kwenye kipande chake.

Na kuna mambo ambayo jicho halioni kabisa. Çatalhöyük, Uturuki, kuta zilipigwa lipu nyeupe nyembamba tena na tena, nyingine hadi mamia ya tabaka, na masizi ya moto wa ndani yamebanwa katikati ya tabaka hizo. Ili kuyasoma, hukatwa bonge dogo la ukuta, hugandishwa kwa gundi maalumu, kisha husagwa mpaka libaki utando wa takriban milimita 0.03 unaopitisha mwanga wa hadubini. Bonge hilo halizidi ukubwa wa tofali. Lisipochukuliwa kabla ukuta haujaondolewa, haliwezi kupatikana tena.

Tatizo jingine ni ukuta wenyewe kuachwa wazi. Uliofukiwa umedumu miaka 9,000. Ukifunuliwa, mvua huanza kuulainisha juu, na chumvi inayopanda na unyevu hula kitako chake mpaka unainama na kulala. Paa la kinga husaidia, ingawa nalo hubadilisha unyevu na joto, na ukuta ukikauka kupita kiasi hupasuka.

Najua vibali vya kuchimba hutolewa na serikali husika, si na ofisi yenu ya Paris. Lakini mipango ya usimamizi na taarifa za hali ya maeneo hupitia kwenu. Naomba humo kila nchi ieleze kifusi cha udongo kilirekodiwa vipi, ni sampuli zipi zilikatwa kwenye kuta kabla ya kuziondoa, na zinatunzwa wapi. Naomba pia pale pasipo na fedha za uhakika za matunzo, kufukia tena liwe chaguo la kwanza, hata kama watalii watakosa cha kupiga picha.

La mwisho: kwenye kila kikosi cha uchimbaji wa nyumba za udongo awepo fundi aliyezoea kulikanyaga tope, tena asiitwe siku ya kukarabati tu. Awepo tangu siku ya kwanza, na jina lake liandikwe kwenye ripoti pamoja na ya wataalamu wengine.

Wako mtiifu,
Fundi wa nyumba za udongo