Keki ya mjukuu wangu ilirudi nyumbani na sisimizi

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu siku zile nilipokuwa nikiletewa na kondakta wa basi linalovuka mpaka wa Malaba, mara nyingi likiwa la juzi na limekwisha funguliwa na abiria. Sijawahi kuwaandikia. Nilipika jeshini miaka 22, nikastaafu, na sasa niko hapa Tororo, Uganda, na binti yangu na wajukuu wawili. Leo naandika kuhusu keki za siku ya kuzaliwa katika shule za nasari. Najua wapo watakaosema mzee kakosa kazi. Kazi ninayo.

Mwezi uliopita mjukuu wangu wa kike alitimiza miaka mitano. Shuleni kwao mtoto akifikia siku yake hupelekewa keki, akaimbiwa, akavishwa taji la karatasi, na wenzake wakala. Desturi nzuri, sina neno nayo. Mimi tarehe yangu nilipewa na karani wa kikosi aliyenitazama juu hadi chini akaandika Januari mosi, kwa hiyo mtoto mwenye siku yake halisi namwonea wivu kidogo.

Nikamuuliza anataka keki ya namna gani. Nilitegemea ua, au mwanasesere. Akasema, "Babu, nataka Jiwe."

Kwa msomaji asiyefika kwetu: Jiwe ni lile la Tororo, mwamba uliobaki wima baada ya volkano kufa, unaouona ukiwa bado mbali sana barabarani. Mtoto huyu analiona kila asubuhi akipiga mswaki. Basi nikavua koti nikaingia kazini.

Umeme wa kuokea sina. Nina sigiri, nina sufuria kubwa ya zamani, na nina mchanga niliouchekecha na kuuosha hata maji yakawa yanatoka meupe. Mchanga unatandazwa vidole vitatu chini ya sufuria, unafunikwa, unaachwa juu ya moto dakika 20 hivi hadi ukisogeza kiganja juu yake bila kuugusa unakitoa upesi. Hapo ndipo chombo cha keki kinaingia, na juu ya kifuniko unapanga makaa machache, kwa sababu moto wa chini peke yake utakupa keki iliyoungua matako na mbichi kichwani. Wapishi wengi wa sigiri hukosea hapo, wakasingizia unga.

Majarini nusu kilo na sukari nusu kilo nilivisaga kwa mwiko hadi vikageuka rangi, kutoka njano hadi karibu nyeupe. Mkono unauma, na ukiacha kabla haujauma bado hujafika. Mayai kumi, moja moja. Unga nusu kilo na bekingi pauda mwishoni, na kuanzia hapo hakuna kupiga tena, unageuza polepole tu. Vanila niliyotia ilikuwa ya kichupa cha dukani, maji yenye harufu. Inanikera kila mara, maana vanila yenyewe inalimwa hapahapa Uganda, Mukono na Kayunga, halafu inapanda ndege na sisi tunabaki na kichupa.

Nilioka mara mbili: sufuria pana kwa ajili ya kitako cha mlima, na mkebe wa maziwa ya unga kwa ajili ya kilele. Ya mkebe ilichelewa kuiva. Nilichoma njiti ya ufagio mara nne ndipo ikatoka kavu. Kisha nikachonga kwa kisu cha mboga, mabega ya mlima yakatokea, na mabaki yaliyodondoka yaliliwa na watu ambao sitawataja humu ndani ya nyumba.

Kupamba ni kazi niliyomwachia mwenyewe. Kwa ajili ya watoto sikutumia ute mbichi wa yai. Nilikoroga sukari ya unga na maji ya ndimu hadi ukawa urojo mzito. Tukaugawa: sehemu moja tukaitia kakao kidogo ikawa ya kahawia, nyingine tukaitia maji ya bitiruti ikawa waridi. Pakiti ya maziwa iliyooshwa na kukatwa ncha ndiyo ilikuwa bomba letu. Mtoto akaminya. Mstari wa kwanza ulikwenda mezani, wa pili kwenye kidole chake, wa tatu ukashuka ubavuni mwa Jiwe kama njia ya mbuzi. Nikamwambia Jiwe la kweli ni la kijivu. Akanijibu kwamba jioni linakuwa la kahawia. Akaniuliza kama nimewahi kulitazama jioni. Niliona aibu.

Gharama yote, pamoja na makaa: shilingi 26,500 za Uganda. Mjini keki ndogo kuliko hiyo niliulizwa 70,000.

Asubuhi tukapanda bodaboda, mimi nimeipakata kwenye beseni lenye kifuniko, yeye katikati yetu. Getini madamu akanipokea kwa heshima, lazima niseme hivyo. Akafunua, akatabasamu, kisha akasema, "Mzee, hatupokei keki za nyumbani. Iwe ya bekari, kwenye boksi, na risiti." Nikauliza ni kwa nini. "Usafi." Akasema ataiweka ofisini aulize wakubwa. Niliondoka nikidhani wakubwa watauliza, watajibiwa, na yatakwisha.

Saa sita na nusu nilipokwenda kumchukua, beseni lilikuwa juu ya kabati la faili, kifuniko kimewekwa upande, na sisimizi wamepanga foleni kupanda Jiwe la Tororo. Hakuna aliyeimba. Bila keki ya bekari hakuna wimbo, na bila wimbo hakuna taji. Mtoto hakulia. Aliniuliza tu kama sisimizi nao wanajua ni siku yake.

Sasa nije kwenye hoja. Usafi ni jambo la kweli, na mimi ni mtu wa mwisho kuudharau. Nilipokuwa nikipika, chakula hakikugawiwa kabla afisa wa zamu hajaonja mbele yangu, na kama sahani ilikuwa na mafuta alinirudisha kwenye karo la vyombo kama kuruta. Lakini risiti hainawi mikono. Boksi halina habari keki ilikaa dirishani siku ngapi. Shule ikitaka usafi na iweke masharti ya usafi: isiwe na krimu ya kuchacha, iokwe jana yake au siku ileile, ifunikwe, mzazi aje nayo mwenyewe, madamu aonje kwanza mbele yake. Hayo nitayatimiza yote. Sharti la risiti ni sharti la pesa tu.

Na pesa hiyo inaumiza. Jirani yangu anayefua nguo za watu alikopa kwenye kikundi chao cha akiba ili mwanawe asiwe yule ambaye hakuletewa. Analipa hadi leo, na keki ililiwa kwa robo saa.

Kilichonichekesha, nikicheka kwa upande mmoja, ni kwamba shule hiyohiyo muhula uliotangulia ilituma karatasi ya Kiingereza (Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, lakini karatasi za nasari bado hazijaarifiwa) kwamba kila mtoto alete kitu kilichotengenezwa nyumbani: mpira wa majani ya migomba, mkeka mdogo, mwanasesere. Sisi tulitengeneza mwanasesere wa gunzi la mahindi, nywele zake ni yale manyoya ya hindi, nguo ni kipande cha kanga ya mama yake. Alikuwa na jicho moja juu ya jingine. Nusu ya darasa walileta wanasesere wa nyuzi za mgomba waliosukwa na mafundi wa sokoni, wamenyooka, wote sura moja kama ndugu wa tumbo moja. Hao ndio waliopangwa mbele, juu ya meza. Wa kwetu aliwekwa kwenye katoni. Basi kazi ya mikono wanaitaka inunuliwe, na keki ya mikono wanaikataa kwa kuwa haikununuliwa. Mtoto wa miaka mitano afuate lipi?

Jioni ile tulikwangua upande waliopita sisimizi, tukawaita watoto wa uani. Walikuja tisa, wawili kati yao hakuna aliyewajua. Kabla ya kukata niliwapa kazi, maana watoto tisa wanaoitazama keki bila kazi ni hatari. Tulikata kalenda za zamani vipande virefu vya pembetatu, upana wa kidole gumba upande mmoja na ncha upande wa pili. Unaviringisha juu ya njiti ya ufagio kuanzia upande mpana, ncha unaigandisha kwa uji mzito wa muhogo, unachomoa njiti, shanga imekwisha. Wadogo walianzia kwenye ncha, wakapata vitu kama mabomba yaliyovimba. Tuliwavisha hivyohivyo. Tulijaribu na gazeti lenu pia, Mhariri, msikasirike: linatoa shanga ya kijivu, na herufi zinaonekana zimevunjikavunjika. Mjukuu wangu akasema hiyo ndiyo rangi ya Jiwe. Akaichukua, akaivaa shingoni, na Jumatatu alikwenda nayo shuleni ndani ya sare.

Mwalimu mkuu nilimwandikia, wiki ya tatu sasa, na sijajibiwa. Jina la shule silitaji kwa sababu mtoto bado anasoma hapo, na pia kwa sababu nasikia kutoka kwa wazazi wa shule nyingine kwamba sharti la risiti lipo hata kwao. Kama yuko mwalimu wa nasari anayesoma ukurasa huu na shule yake inapokea keki ya sigiri, aandike atueleze wanafanyaje. Nitalikata jibu lake nilipeleke ofisini nikiwa nimevaa koti.

Mdogo wa mjukuu wangu huyo anatimiza miaka minne Septemba. Anataka trela, kama yale yanayolala foleni mpakani. Trela lina magurudumu mengi. Nimeanza kuficha biskuti za duara juu ya kabati, ndani ya mkebe unaofunga.

Mpishi mstaafu wa jeshi,
Tororo