Baada ya mtihani wa serikali, msiulizane herufi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na wazazi wanaozungumza Kiswahili walioko Marekani, pamoja na vijana wao wa sekondari wanaofanya mtihani wa AP (Advanced Placement, masomo ya kiwango cha chuo yanayosomwa sekondari) wa Serikali na Siasa za Marekani kila mwezi Mei. Watoto hawajafika hata kituo cha basi, simu zimeshaanza kuita: “Lile la Seneti umeweka B au C?” Wazazi wengi walikulia kwenye desturi ya kulinganisha majibu chini ya mwembe mara tu karatasi zikikusanywa, kwa hiyo hawaoni ubaya. Kwa mtihani huu ubaya upo, na unaweza kumgharimu mtoto matokeo yake yote.

Mtihani una sehemu mbili zenye uzito sawa. Ya kwanza ni maswali 55 ya kuchagua jibu, kwa dakika 80. Ya pili ni maswali manne ya kujieleza, kwa dakika 100. College Board, wanaotunga mtihani, hawaruhusu maswali ya kuchagua yazungumzwe na mtu yeyote, wakati wowote, hata na mwalimu wa darasa. Sababu yake inaeleweka: wapo wanaoufanya kwa saa tofauti katika nchi nyingine, wapo waliougua wanaoufanya baadaye mwezi huohuo, na maswali mengine hurudi miaka ijayo. Maswali ya kujieleza yanaweza kuzungumzwa, ila tu kama yamewekwa kwenye tovuti yao, kwa kawaida siku mbili baada ya mtihani. Kama swali ulilopewa halimo, nyamaza nalo. Ujumbe mmoja kwenye kundi la WhatsApp unatosha kufuta matokeo, na anayekamatwa anaweza kuzuiwa kufanya mitihani mingine.

Hata sheria ikiwekwa kando, kuulizana herufi hakumpi mtoto chochote. Wenzake wanaweza kuwa walipewa toleo jingine la mtihani. Anarudi nyumbani amekata tamaa kwa swali moja kati ya 55, na wala hakuna alama inayokatwa kwa kubahatisha.

Faida iko kwenye yale maswali manne. Yakishatolewa, kaeni wawili wawili na kila mmoja aandike upya kwa kifupi alichojibu. Kisha fungueni miongozo ya usahihishaji ya miaka iliyopita, ambayo ipo bure, muone alama hutoka wapi.

Swali la kwanza lina alama tatu, la pili la takwimu alama nne. Hapa wengi huangushwa na kitenzi cha swali. Ukiambiwa utaje, sentensi moja inatosha. Ukiambiwa ueleze jinsi au sababu, jibu lisilofika kwenye “kwa sababu” ni nusu jibu, na nusu jibu halina alama.

Swali la tatu, alama nne, linakupa kesi ya Mahakama ya Juu ya Marekani usiyoijua uilinganishe na mojawapo ya kesi 14 za lazima. Tazama kosa hili kwa karibu, maana tunalikuta kila mara. Engel v. Vitale ya 1962 ilihusu sala iliyotungwa na maofisa wa jimbo la New York isomwe shuleni. Wisconsin v. Yoder ya 1972 ilihusu wazazi wa Amish, jamii ya Kikristo inayoshika desturi za kale, waliotozwa faini ya dola 5 kila mmoja kwa kutowapeleka watoto shule baada ya darasa la nane. Zote mbili zinagusa dini na zote zinatoka kwenye Rekebisho la Kwanza la Katiba. Mwanafunzi huandika “Rekebisho la Kwanza” akadhani amemaliza. Swali linapotaka kifungu, anatakiwa atofautishe: Engel ni kifungu kinachoizuia serikali kusimika dini, Yoder ni kile kinacholinda uhuru wa kuabudu. Akikosea hapo mwanzo, maelezo yanayofuata huelekea kupotea nayo.

La nne ndilo insha, dakika 40 na alama sita: dai lina alama moja, ushahidi alama tatu, hoja inayounganisha ushahidi na dai alama moja, na kujibu upande wa pili alama moja. Tuseme swali linauliza kama madaraka zaidi yakae serikali kuu au kwenye majimbo. Anayeandika “kila upande una faida zake” hajadai kitu, na bila dai ushahidi wake hauvuki alama moja hata ajaze kurasa. Anayeandika “yakae kwenye majimbo, kwa sababu wananchi humfikia kwa urahisi kiongozi aliye karibu nao” ameshaipata alama ya kwanza. Sasa alete Brutus No. 1, makala ya zamani ya mpinzani wa Katiba ya Marekani, iliyoonya kwamba katika jamhuri kubwa mno wawakilishi hawawezi kujua mawazo ya watu wao, na aongeze ushahidi wa pili. Angalau mmoja lazima utoke kwenye nyaraka zilizotajwa kwenye swali lenyewe.

Alama ya mwisho ndiyo inayotupwa ovyo kuliko zote, na inatuuma kwa sababu ni rahisi kuipata. Kuandika “wengine hawakubaliani” hakutoshi. Taja wanachosema, kwa mfano hoja ya Federalist No. 10, makala ya James Madison ya kuitetea Katiba, kwamba jamhuri kubwa hulizuia kundi moja lisiwatawale wengine, kisha ujibu: kubali sehemu yake au ipinge, na useme kwa nini dai lako bado linasimama.

Matokeo hutoka Julai, kwa kipimo cha 1 hadi 5. Mzazi, usimuulize mwanao amepata ngapi kati ya 55, maana hatajua. Muulize dai la insha yake lilikuwa lipi, lakini ngoja kwanza zile siku mbili zipite na swali lionekane kwenye tovuti.

Walimu wa masomo ya ziada,
Texas, Marekani