Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: katuni zitambuliwe kuwa zana za kufundishia

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi. Naomba katuni ziingizwe katika orodha ya zana rasmi za kufundishia, ili mwalimu anayezitumia asionekane anapoteza kipindi.

Zipo katuni za dhana, zilizobuniwa Uingereza mwaka 1991 na Brenda Keogh na Stuart Naylor. Katika ile inayojulikana zaidi, watoto wanabishana kama sanamu ya theluji ivalishwe koti. Mmoja anasema koti litaiyeyusha. Mwingine anasema litaihifadhi baridi yake. Wa tatu haoni tofauti yoyote. Jibu halijaandikwa popote. Mwanafunzi anayenyamaza siku zote kwa kuogopa kuchekwa, hapo hupata pa kuanzia: hasemi "mimi naona hivi", husema "naungana na huyu wa kushoto". Hoja ikianguka, imeanguka ya mchorwa, si yake. Nami nimeshajua ni nani wanaoamini kwamba koti hutoa joto, jambo ambalo zoezi la kujaza nafasi lisingenionyesha. Kinachofuata ni kupima: vipande viwili vya barafu vinavyolingana, kimoja kimeviringishiwa kitambaa kizito, kingine kimeachwa wazi. Darasa zima huinama juu ya barafu hiyo, maana kila mmoja ana upande wake.

Wapo wanaohofu kwamba mtoto atazoea picha akimbie maandishi. Hofu hiyo ni ya siku nyingi. Mwaka 1954 daktari wa akili wa Marekani, Fredric Wertham, alitoa kitabu kizima cha kuvishutumu vibonzo. Lakini tangu 1951 jeshi la nchi hiyohiyo lilikuwa na jarida la PS, lililotumia vibonzo kuwafundisha askari kutunza magari na silaha. Watu wazima, kazi ya hatari, na bado picha ilihitajika.

Sisemi kila katuni inafaa. Inayochekesha tu huwatoa watoto kwenye somo. Ndiyo maana naomba pia vyuo vya ualimu vifundishe kuzichagua na kuzichora, hata kwa vichwa vya duara na viputo vya maneno vilivyoachwa vitupu ili wanafunzi wavijaze wenyewe. Na wathibiti ubora wa shule waelekezwe kwamba wakikuta viputo hivyo ubaoni, wakae wasikilize mjadala kabla ya kuandika ripoti.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa sayansi