Hesabu ya wageni wa websaiti zetu ibaki kwetu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wa hapa Lamu, wenye gesti, manahodha wanaopeleka watalii Manda, na hasa wenye kliniki. Siku hizi karibu kila mtu ana websaiti, na fundi akiitengeneza cha kwanza anachobandika ni Google Analytics, chombo cha Google cha kuhesabu wageni wa websaiti, kwa vile ni ya bure na ameizoea, mwenyewe wala haambiwi. Sasa mtu wa Faza akifungua kwa simu yake ukurasa wa kliniki unaoeleza kifua kikuu, habari hiyo inakwenda hadi kwa kampuni ya Marekani inayoishi kwa matangazo. Hili linaniuma sana jamani, mgonjwa hakuulizwa!

Sheria ya Ulinzi wa Data tunayo tangu 2019 na inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti yake. Huko Ulaya mwanzoni mwa 2022 wasimamizi wa data wa Austria na Ufaransa walitangaza kwamba websaiti walizochunguza zilivunja sheria kwa kuitumia hiyo hiyo Google Analytics.

Na njia ipo. Matomo, ile ya zamani ikiitwa Piwik, ni programu huria ya kuhesabu wageni unayoiweka kwenye seva yako mwenyewe, yaani kompyuta inayohifadhi websaiti, na hostingi unakokodi nafasi ikiwa na PHP na MySQL (fundi anazijua) inakaa. Ukishaiweka usiondoke, ingia kwenye mipangilio ya faragha uzime kuki, vile vifaili vya kumtambua mgeni akirudi, uiambie ifiche tarakimu za mwisho za IP, ile namba ya mtandao ya mgeni, na uweke muda wa kufuta rekodi za zamani. Bado utaona wangapi wameingia, wako nchi gani, wamesoma nini, na mwenye gesti Shela ataka nini zaidi ya hayo? Asiyetaka mambo mengi atumie GoAccess, inasoma zile logi, yaani kumbukumbu za kurasa zilizofunguliwa, seva inazoandika yenyewe, simu ya mgeni haipakui skripti yoyote ya kumhesabu, na kwa ndugu zetu wa Kiunga wenye mtandao wa kusuasua hiyo ni nafuu kubwa.

Kazi ipo, sikatai, apdeti na bakapu ni juu yako na seva ikiwachwa hivi hivi itavamiwa. Lakini Matomo moja inabeba websaiti nyingi, kwa hivyo wenye gesti wanaweza kuchangiana wakamlipa kijana mmoja wa hapa aichunge.

Wenye kliniki nawaomba msingoje, muulizeni fundi wenu kwenye kurasa zenu amebandika nini na data inakwenda wapi. Akishindwa kujibu, aitoe kwanza.

Fundi wa websaiti,
Lamu