Barua kwa Mwanangu Baada ya Mechi ya Tisa

Mwanangu mpendwa,

Jana tuliongea dakika nne tu kwa simu, na tatu kati ya hizo ulikuwa unanituliza mimi. "Mama, niko sawa." Mtu aliye sawa hasemi hivyo mara tano. Sikutaka kukubishia, maana nilisikia sauti za wenzako nyuma yako nikajua huwezi kusema zaidi. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua utaisoma ukiwa peke yako, na ukitaka kulia hakuna atakayekuona.

Mechi tisa za NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu Amerika Kaskazini, kisha wamekurudisha ligi ya vijana. Hesabu yake unaijua kuliko mimi: ukicheza ya kumi, mwaka wa kwanza wa mkataba wako unaanza kuliwa, ukirudishwa ligi ya vijana kabla ya hapo, mkataba unasogea mbele na klabu haijapoteza kitu. Baba yako ameichukia hiyo namba kumi kana kwamba ni mtu aliyemtukana. Mimi naamini hata kama sheria hiyo isingekuwepo, bado wangekurudisha. Nataka ulisikie neno hilo kwangu, pamoja na sababu zake, kabla hujalisikia kwa mtu asiyekutakia mema.

Mechi ya nane nilikuwepo. Sikukuambia, kwa sababu nilijua ungenitafuta kwa macho jukwaani badala ya kuitazama puki, kile kisahani mnachokigombania. Nilikaa juu kabisa, na nyuma yangu walikaa wanaume wawili na bibi mmoja mzee aliyevaa jezi iliyopauka. Hawakunijua. Kabla ya kipindi cha kwanza kuisha walikuwa wameshaanza kukujadili.

Mmoja alisema klabu imeitupa nafasi yake ya raundi ya kwanza ya drafti, ule uteuzi ambapo klabu huchagua vijana kwa zamu, kwamba waliochaguliwa baada yako wameshaanza kufunga. Mwenzake akamjibu, "Huyu mtoto ana miaka kumi na minane. Hata ndevu hajaota." Wakabishana usiku mzima. Je, wewe ni mshambuliaji wa kati kweli, au utaishia kuwa winga? Mwili utajaa, au ndio umefika hapo? Kukuchezesha safu ya nne, ya mwisho kabisa, dakika saba kwa usiku, ni kukulea au ni kukuua polepole? Kila mmoja alikuwa na mchezaji wake wa zamani wa kukufananisha naye, na kila mfano ulikuwa wa mtu mwingine kabisa. Nilianza kuhisi wanamzungumzia kijana wa tatu, aliyetengenezwa nusu kwa matumaini na nusu kwa hofu, aliyeazima jina lako na namba ya mgongoni.

Nilitaka kugeuka nikawaambia kwamba mtoto huyo alianza kusoma akiwa na miaka minne na kwamba anaogopa nyuki. Nikajizuia. Na kadiri nilivyozidi kuwasikiliza, ndivyo hasira ilivyonitoka. Ulipopiga lile shuti lililogonga mwamba kipindi cha pili, aliyeruka wa kwanza kwenye kiti, mikono kichwani, alikuwa ni yule yule aliyekuwa anakuponda. Wanayataka sana mafanikio yako. Wameisubiri klabu yao ipate mtu kwa miaka, na kila kijana anayekuja wanamtwika mzigo wote huo bila kumuuliza kama mabega yanauweza. Usiwachukie, mwanangu. Lakini pia usiende kwao kuuliza wewe ni nani, kwa sababu hawajui, na kesho watasema kingine.

Bibi yule alikaa kimya karibu mechi nzima. Mwishoni kabisa, wale wawili wakiwa wamechoka, akasema sentensi moja: "Akishatoa pasi, anasimamisha miguu."

Sikulala vizuri usiku ule, kwa kuwa alikuwa amesema kweli.

Unalijua daftari langu. Nililianza ulipokuwa na miaka kumi na miwili, nilipochoka kuulizwa na watu umefunga mangapi. Nikaamua kuandika yale yasiyoandikwa na mtu: mara ngapi umeipata puki ukutani ukiwa umebanwa na mtu mkubwa kuliko wewe, mara ngapi umerudi nyuma kukaba bila kuitwa, mara ngapi umeinua kichwa kabla ya kupokea na si baada ya kupokea. Mechi ya nane niliporudi nyumbani nilikaa mezani nikafungua kurasa za msimu huu, nikaona alama ile ile imejirudia. Unatoa pasi nzuri, halafu unateleza tu, ukiangalia kama itafika. Hatua mbili au tatu. Kwenye ligi ya vijana hatua hizo zilikuwa hazina gharama, kwa sababu ulikuwa na kasi kuliko wote na uliweza kuzilipia baadaye. Huku juu hazilipiki. Beki anakuwa ameshaingia katikati yako na goli, na pasi ya kukurudishia haina tena pa kupita. Ndiyo maana ulionekana kama hupewi puki. Wenzako walikuwa wanakutafuta, wakakukuta umesimama nyuma ya mtu.

Hilo halina uhusiano wowote na mwili wako, ambao ndio kila mtu anaupigia kelele. Mwili utakuja wenyewe. Miguu ni mazoea, na mazoea unayabadilisha wewe.

Sasa kuhusu umri, maana hapo mashabiki wanakudhulumu bila kujua. Ulizaliwa siku chache kabla ya tarehe 15 Septemba, na tarehe hiyo ndiyo inayoamua mwaka wa drafti. Auston Matthews alizaliwa tarehe 17 Septemba 1997. Siku mbili tu zilimfanya akose drafti ya 2015, akaenda kucheza mwaka mzima Uswisi dhidi ya watu wazima, akachaguliwa wa kwanza mwaka 2016 na kufunga mabao manne katika mechi yake ya kwanza ya NHL. Sisemi wewe ni Matthews. Nasema kwamba ungechelewa kutoka tumboni mwangu wiki moja au mbili, leo usingekuwa hata na klabu, ungekuwa unasubiri drafti ijayo, na watu wangesema kijana huyu anakua vizuri kweli kweli. Wanakupima na vijana waliokuzidi karibu mwaka mzima. Katika umri wenu, mwaka ni mifupa, ni usingizi, ni akili ya kutulia ukiwa na puki.

Mjomba wako naye hakunipa nafasi. Tangu taarifa itoke ananitumia majina, kila saa jina. Ameniletea Leon Draisaitl, aliyechaguliwa wa tatu mwaka 2014, akacheza mechi 37 Edmonton akafunga mawili tu na kutoa pasi saba za mabao, kisha katikati ya msimu akarudishwa ligi ya vijana, kwa timu ya Kelowna. Mwaka 2020 huyo huyo akawa mchezaji bora wa ligi nzima, akiwa na pointi 110, yaani mabao na pasi za mabao kwa pamoja. Ameniletea na Mark Scheifele wa Winnipeg, aliyerudishwa mara mbili: mara ya kwanza baada ya mechi saba, msimu uliofuata baada ya nne. Hebu fikiria huyo. Kufungasha mabegi mwaka mmoja, kurudi, na kufungasha tena mwaka unaofuata, watu wakisema basi, huyu kwisha. Scheifele akaja kuwa nguzo ya timu ile kwa zaidi ya miaka kumi. Katika majina yote ya mjomba, hilo ndilo nililolikubali likakaa, kwa sababu sidhani mara ya pili ilikuwa rahisi.

Lakini nilimwambia mjomba wako aache kuniletea upande mmoja. Alexandre Daigle alichaguliwa wa kwanza mwaka 1993. Alicheza mechi 616 za NHL, akapata pointi 327. Mechi 616 ni maisha ya kazi, mwanangu, ni mambo ambayo maelfu ya vijana wanayaota na hawayafikii. Angechaguliwa raundi ya tano, wangemwita bahati njema ya klabu. Hadi leo jina lake hutajwa kama mfano wa kushindwa, kwa sababu ya namba moja aliyopewa akiwa na miaka kumi na minane. Nail Yakupov naye, wa kwanza mwaka 2012, alicheza mechi 350 tu. Siwezi kukuahidi utakuwa yupi. Mama anayeahidi hivyo anamdanganya mtoto wake, na mimi sijawahi kukudanganya tangu siku ya kwanza nilipokufunga kamba za viatu vya barafu nikakuambia utaanguka.

Kinachonitia wasiwasi hasa ni kwamba huko unakorudi mambo yatakuwa mepesi. Utacheza safu ya kwanza. Utapewa zaidi ya dakika ishirini. Mpinzani akipungukiwa mtu, wewe ndiye utakayeishika puki. Pointi zitakuja, wale wanaume wawili watazisoma, na yule mmoja atasema, "Nilikuambia." Na wewe unaweza kusimamisha miguu kila baada ya pasi na bado ukamaliza usiku na pointi tatu. Kocha wako wa vijana ni mtu mwema lakini ana timu ya kushindisha. Sidhani kama atakukemea kwa jambo ambalo halimgharimu. Kwa hiyo itabidi wewe mwenyewe ulione. Tazama video zako ukiwa umezima sauti, na usiifuate puki. Jifuate wewe, kuanzia inapokutoka hadi inapokurudia. Itakuchosha kutazama hivyo. Mimi nimefanya hivyo miaka sita na bado nachoka.

Usione aibu kuingia chumba kile cha kubadilishia nguo. Najua ndilo lililokukaa rohoni, hata kama hukulisema. Uliagwa kwa makofi mwezi wa tisa, na sasa unarudi kabla jezi yako haijapata mtu mwingine. Watakutania siku mbili. Yule rafiki yako kipa atakutania tatu. Waache. Kuna vijana mle ambao hawajaitwa hata mara moja na watataka kukuuliza jinsi mabeki wa kule wanavyobana, jinsi mambo yanavyokwenda kasi. Waambie kweli, hata sehemu uliyozidiwa. Hasa hiyo.

Na kuhusu ile mechi ya tisa, dakika zile za mwisho mlipokuwa nyuma kwa bao moja na kocha akakuacha benchi: nimeitazama tena mara tatu. Baba yako anaamini ulionewa. Mimi naona kocha alikuangalia, akasita, kisha akamgusa bega mwenzako. Kule kusita nimekuandika kwenye daftari. Wiki tatu kabla ya hapo hakuwa anakuangalia kabisa.

Sikuhesabu mabao mechi zile tisa, unajua hivyo. Lakini nina ukurasa wa mechi ya tisa, kipindi cha tatu, kona ya kushoto: ulikuwa na watu wawili mgongoni, ukaegemea ukuta, ukaigeuza puki kwa kiatu, ukaitoa kwa winga, na ukaondoka. Miguu haikusimama. Mara moja tu kwa usiku mzima, lakini nilipiga mstari mara mbili chini yake mpaka karatasi ikatoboka.

Nimeuchana ukurasa huo na kuuweka humu ndani ya bahasha. Ni wa kwanza kuuchana tangu nilipolianza daftari. Ijumaa usiku nitakuja na baba yako, na safari hii nakuambia mapema: tutakaa upande wa benchi lenu, safu ya tatu. Usitutafute kabla ya mechi kwisha.

Mama yako akupendaye